Mashine Imeaminiwa na Nani?

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wa fani na msio wa fani, asanteni kwa kuja.

Mwandaaji aliponipigia simu aliniambia, "Njoo utuzungumzie kompyuta za kuaminika." Nikamjibu kwamba kabla sijafika kwenye kompyuta, nina ugomvi na sarufi. Kuaminika ni sifa ya kitu chenyewe: fundi huyu anaaminika, tumemjaribu tukamwona. Kuaminiwa ni jambo jingine, maana linamtaka mtu wa pili. Ukisema mashine hii imeaminiwa, msikilizaji atakungoja umalizie: imeaminiwa na nani? Watu walioipa teknolojia hii jina la Kiingereza, "trusted computing", walichagua hilo neno la pili, la kuaminiwa, na sidhani kama walikosea. Walisema kweli tupu, ila waliishia katikati ya sentensi. Leo nataka tuimalizie.

Nitawaeleza vitu viwili ambavyo kila siku nasikia vikichanganywa. Cha kwanza ni kufuli. Cha pili ni shahidi. Kufuli nalitetea, nalitumia, na nitawashauri mlitumie. Huyo shahidi ndiye anayeninyima usingizi.

Tuanze na kufuli. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kwa sekunde chache za mwanzo kompyuta yako haina Windows wala Linux, haina kinga ya virusi, haijui hata jina lako. Kinachoamka kwanza ni fimwea, ile programu iliyochomwa kwenye bodi. Fimwea inatafuta programu ndogo ya kuanzishia, ambayo inapakia kiini cha mfumo endeshi, nacho kiini kinapakia yanayofuata. Kila anayekuja anamwamini aliyemtangulia, hana namna nyingine. Kwa hiyo mhalifu akiwahi kuingia kwenye zile sekunde za mwanzo, yeye ndiye mwenye nyumba, na kinga ya virusi inayokuja baadaye ni mgeni wake.

Hili halijaanza jana. Brain, kirusi cha mwaka 1986 ambacho kwa kawaida huhesabiwa cha kwanza kwa kompyuta za aina ya IBM PC, kilijificha palepale, kwenye sehemu ya kuanzishia ya diski laini. Miaka zaidi ya 30 baadaye ikaja BlackLotus, programu hasidi iliyouzwa kwa dola 5,000 kwenye masoko ya wahalifu, ambayo watafiti wa ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, waliichambua mwaka 2023. Hiyo ilipita hata kwenye Windows 11 iliyosasishwa vizuri na iliyowashiwa kufuli hili ninalotaka kulisifu. Nitarudi hapo.

Kufuli lenyewe ni uwashaji salama, ule ambao kwenye menyu ya mashine umeandikwa Secure Boot. Uliingia kwenye kanuni za UEFI, kiwango cha fimwea za kisasa, mwaka 2011, na mwaka 2012 Windows 8 ikausambaza duniani. Wazo lake si gumu. Ndani ya fimwea kuna orodha mbili: ya wanaokubaliwa na ya waliofukuzwa. Programu ya kuanzishia ikija, fimwea inatazama saini yake ya kidijitali. Ikiwa saini inatoka kwa mtu aliye kwenye orodha ya kwanza, na hayumo kwenye ya pili, inapita. Isipotimiza hayo, mashine inagoma. Juu ya orodha hizo kuna ufunguo wa yule anayeruhusiwa kuzibadilisha, na juu ya huo kuna ufunguo mkuu mmoja. Mwenye ufunguo mkuu ndiye mwenye mlango.

Sasa fungueni kompyuta karibu yoyote ya dukani mtazame ufunguo mkuu ni wa nani. Ni wa mtengenezaji wa mashine. Tazameni orodha ya wanaokubaliwa: Microsoft wamo karibu kila mahali. Jina lako wewe uliyetoa pesa halimo. Hapo ndipo kelele za mwaka 2011 zilipoanzia, na zilikuwa kelele za haki. Watu wa Linux walijikuta wanapaswa kumbishia hodi mshindani wao ili programu yao iwake kwenye mashine ya mteja wao wenyewe.

Kilichofuata kinastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu ni mfano wa kufuli lililotengenezwa vizuri, na mifano ya namna hiyo ni michache. Mhandisi Matthew Garrett, wakati huo akiwa Red Hat, kampuni ya Linux, pamoja na wenzake, walilipa dola 99 za kufungua akaunti ya kusainiwa. Wakaandika programu ndogo sana iitwayo shim, ndogo kiasi kwamba Microsoft wangeweza kuikagua na kuisaini bila kulazimika kusaini Linux nzima kila inapobadilika. Shim ikishapita mlangoni, inamfungulia anayefuata kwa kutumia ufunguo wa wasambazaji wa Linux yenyewe. Halafu SUSE, kampuni nyingine ya Linux, wakaleta jambo la tatu, na hilo ndilo ninalolipenda: ufunguo wa mwenye mashine.

Wangapi hapa wamewahi kuweka draiva ya kadi ya michoro kwenye Linux ya Ubuntu, kisha wakakutana na skrini ya bluu iliyoandikwa MOK, kifupi cha Kiingereza cha huo ufunguo wa mwenye mashine? Naona mikono. Na wangapi waliipuuza ikapita? Mikono ileile! Hebu tuitazame. Umejenga draiva yako mwenyewe, hakuna aliyeisaini, na kiini cha mfumo kinaikataa. Unatengeneza ufunguo wako, unaisaini draiva nao. Mfumo unakuomba nenosiri la mara moja, kisha unakuambia uwashe mashine upya. Inapowaka, kabla ya mfumo wowote kupanda, inatokea skrini ya bluu, maandishi makubwa kama ya miaka ya 1980, na saa inayohesabu kurudi nyuma kutoka 10. Una sekunde 10 za kubonyeza kitufe chochote. Usipobonyeza, mashine inaendelea kana kwamba hukuomba kitu. Ukibonyeza, unachagua kuandikisha ufunguo, unaingiza lile nenosiri, na kuanzia hapo saini yako ni halali kwenye mashine yako.

Watu wanaichukia skrini hiyo. Mimi pia niliichukia. Mara ya kwanza nilikuwa nimekwenda kunawa mikono nikarudi nikakuta saa imekwisha. Lakini tazameni kilichofanyika pale. Mhalifu aliye upande wa pili wa dunia, hata akiwa ameshika mfumo wako wote, hawezi kubonyeza kitufe hicho. Lazima kidole kiwe juu ya kibodi. Kufuli limemkataa mwizi bila kumkataa mwenye nyumba, na kilichowatenganisha wawili hao ni kuwepo kwa mwili wako pale mezani. Hakuna aliyeulizwa ruhusa huko mbali.

Kwa hiyo mtu akinijia na kusema Secure Boot ni njama, huwa namuuliza: kwenye mashine yako, unaweza kuweka ufunguo wako? Ukiweza, hilo ni kufuli lako, jifunze kulitumia. Usipoweza, hapo tuna la kuzungumza.

Na mashine zisizoweza zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Masharti ya Microsoft ya mwaka 2012 kwa watengenezaji yalikuwa na nyuso mbili. Kwa kompyuta za kawaida za x86, yaani zenye prosesa za jamii ya Intel, mtengenezaji alilazimika kumwachia mtumiaji aliye mbele ya mashine uwezo wa kuzima uwashaji salama. Kwa mashine za ARM, prosesa za jamii ya zile za simu, zilizobeba Windows, kuzima kulipigwa marufuku. Kampuni ileile, teknolojia ileile, mwaka uleule. Kwenye soko walikokuwa wakitazamwa na wadhibiti wa ushindani walilegeza, na kwenye soko ambako hakuna aliyekuwa akiwatazama walikaza. Hiyo ni tafsiri yangu, lakini sijapata nyingine inayonishawishi. Kisha Windows 10 ilipokuja mwaka 2015, hata kwenye x86 lile sharti la kuacha uwezo wa kuzima likageuzwa kuwa hiari ya mtengenezaji. Haki iliyokuwa sharti ikawa hisani.

Nimeahidi kurudi kwa BlackLotus. Iliwezaje kupita? Ilikuja na programu ya zamani ya kuanzishia ya Windows, yenye kasoro inayojulikana lakini yenye saini halali kabisa ya Microsoft. Kasoro ilikuwa imeshazibwa kwenye toleo jipya, ila lile la zamani halikuwa limeingizwa kwenye orodha ya waliofukuzwa. Kwa nini halikuingizwa? Kwa sababu ukimfukuza huyo, unafukuza pia kila flashi ya kusakinishia na kila nakala ya uokoaji iliyotengenezwa kabla. Mwenye funguo za dunia nzima akitikisika kidogo, dunia nzima inatikisika naye.

Agosti 2024 tuliona upande wa pili wa jambo hilohilo. Sasisho la mwezi huo la Windows lilipandisha kiwango cha matoleo ya shim yanayokubalika, kwa nia njema ya kuziba tundu la zamani. Lilikusudiwa lisiguse mashine zenye mifumo miwili. Likazigusa. Watu waliokuwa na Windows na Linux kwenye laptopu moja waliamka, wakachagua Linux, wakaandikiwa kwamba sera ya usalama imevunjwa na kwamba kuna jambo limeharibika vibaya. Mashine ikazima. Mfumo wao wa Linux ulikuwa mzima, hawakuwa wamebadilisha chochote. Aliyebadilisha orodha alikuwa mwingine, na wao walikuta mlango wa chumba chao una kitasa kipya.

Na msidhani watengenezaji wenyewe wanazitunza funguo hizo kama mboni ya jicho. Mwaka 2024 kampuni ya utafiti ya Binarly ilitangaza kasoro waliyoiita PKfail. Mamia ya aina za kompyuta na seva, za watengenezaji wakubwa, zilikuwa zimeuzwa zikiwa na ufunguo mkuu wa majaribio. Ufunguo wa sampuli, ule unaokuja na vifaa vya kutengenezea fimwea, ambao unatakiwa kutupwa na kuwekwa wa kweli. Ndani ya cheti chake kulikuwa kumeandikwa kwa herufi kubwa, DO NOT TRUST, yaani usiuamini. Nao ukaaminiwa kwa miaka. Sehemu yake ya siri ilikuwa imevuja mtandaoni ikiwa imefungwa kwa nenosiri la herufi nne. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakuwahi kuona nguo iliyoandikwa "inauma" na bado ikavaliwa.

Basi, hilo ni kufuli. Lina makosa yake, lina siasa zake, lakini linafanya kazi ninayoielewa: linaamua nini kiwake. Naja kwa shahidi.

Shahidi anakaa kwenye chipu iitwayo TPM. Wengi wenu mlilisikia jina hilo mwaka 2021, Windows 11 ilipodai toleo la 2.0 na kompyuta nyingi nzima zikaambiwa hazifai. Ndani ya chipu hiyo kuna rejista, kwa kawaida 24 kwenye kompyuta, na zina tabia ya ajabu: huwezi kuandika unachotaka humo. Unaweza tu kuongeza. Wazieni uzi wa shanga. Kila hatua ya kuwasha, kabla haijamkabidhi anayefuata, inachukua alama ya kidole ya huyo anayefuata na kuitunga kwenye uzi. Ushanga ukishaingia hautoki mpaka mashine izimwe. Mwisho wa safari, uzi huo unasimulia kila kilichowaka, kwa mpangilio wake. Hakuna aliyezuiwa njiani. TPM haizuii kitu, inaandika tu.

Uzi huo una matumizi mazuri sana. Unaweza kuiambia chipu: ufunguo wa diski yangu usiutoe mpaka shanga ziwe hizi hasa. Mwizi akiichomoa diski akaiweka kwenye mashine nyingine, au akichezea programu ya kuanzishia, shanga zinabadilika na diski inabaki kimya. BitLocker, kifunga diski cha Windows, inafanya hivyo. Ndiyo maana siku nyingine ukisasisha fimwea mashine inakudai tarakimu 48 za uokoaji, na wako watu waliojua siku hiyo kwamba diski yao ilikuwa imefungwa. Si kinga kamili, maana mwaka 2024 mtafiti mmoja alionyesha kwamba kwenye laptopu ambayo chipu imekaa peke yake kwenye bodi, ufunguo unaweza kunaswa njiani kwa kifaa cha dola chache, chini ya dakika moja. Lakini hata hapo, shahidi anazungumza na wewe. Anakuambia wewe habari za mashine yako.

Kinachobadilisha kila kitu ni hatua inayofuata. Chipu inaweza kuusaini uzi ule kwa ufunguo ambao wewe huwezi kuufikia, na kuupeleka kwa mtu mwingine kupitia mtandao. Hii ndiyo inayoitwa ithibati ya mbali. Benki, duka la filamu, mwenye mchezo, mwajiri, yeyote, anaiuliza mashine yako: umewaka na nini? Na mashine inamjibu ukweli, hata kama mwenye mashine angependa asijibiwe. Huwezi kumfundisha shahidi huyu kusema "sijui." Ameajiriwa kwenye nyumba yako, unamlisha umeme wako, na kiapo chake kiko kwa mwingine.

Mnaona sasa ugomvi wangu wa sarufi ulikuwa unaelekea wapi. Mashine imeaminiwa, ndiyo. Na yule wa upande wa pili. Imeaminiwa dhidi yako.

Wako waliotuonya mapema. TCPA, muungano wa kampuni wa kuandika viwango vya kompyuta hizi za kuaminiwa, ulianzishwa mwaka 1999 na Compaq, HP, IBM, Intel na Microsoft. Mwaka 2003 ukarithiwa na Trusted Computing Group. Mwaka 2002 Microsoft walitangaza mradi wao wa namna hii, walioupa jina la Palladium, na mara moja Ross Anderson wa Cambridge akaandika uchambuzi mkali akieleza jinsi mtu angeweza kufungiwa nje ya nyaraka zake mwenyewe. Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huru, akaipachika teknolojia hii jina lake, kompyuta ya usaliti. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba Januari 2003 jina la Palladium lilibadilishwa, na mradi ukafifia. Waonyaji wakachekwa: mbona hayakutokea? Chipu zimejaa kwenye meza, na bado tunasakinisha tunachotaka.

Mimi nasema yalitokea, ila kwenye chombo ambacho hawakukitazama. Walikuwa wanalinda mlango wa kompyuta ya mezani, na jambo likaingia kupitia simu.

Chukueni simu janja ambayo mwenyewe ameweka mfumo mwingine, tuseme GrapheneOS. Huo ni mfumo unaosasishwa haraka na unaolinda uwashaji kwa saini, tena kwa funguo za waliouandika. Kufuli limefungwa barabara. Kisha afungue programu ya benki. Programu inauliza, kupitia huduma ya ukaguzi ya Google iitwayo Play Integrity, kama kifaa ni halali. Jibu linarudi: mfumo huu haujaidhinishwa. Mlango unafungwa usoni pake. Pembeni yake amekaa jirani mwenye simu ambayo mtengenezaji aliacha kuipelekea viraka vya usalama miaka kadhaa iliyopita, imejaa matundu, ila mfumo wake ni uleule wa kiwandani. Kwenye kiwango cha kati cha ukaguzi huo, simu hiyo inaweza kupita bila tatizo. Shahidi hakuulizwa kama simu ni salama. Aliulizwa kama ni ya ukoo.

Kwenye filamu na muziki hali ni wazi zaidi, kwa sababu huko hakuna hata anayejisumbua kudai ni kwa usalama wako. Kuna simu ambazo ukifungua kufuli la programu ya kuanzishia, kiwango cha Widevine, mfumo wa Google wa kulinda filamu zisinakiliwe, kinashuka, na filamu uliyoilipia inaletwa kwa picha hafifu ya mistari 480. Kwenye kompyuta kuna kisa ambacho nakipenda kwa uchungu wake. Diski za Blu-ray za 4K ziliwekewa sharti kwamba kwenye PC zichezwe kupitia SGX, chumba cha siri ndani ya prosesa za Intel ambacho hata mwenye mashine hachungulii. Watu wakanunua prosesa sahihi, kisomaji sahihi, skrini sahihi, programu sahihi. Kisha Intel, kuanzia kizazi cha 11 cha prosesa zake za Core, wakakiondoa chumba hicho. Mteja mwaminifu aliyenunua kompyuta mpya, yenye nguvu kuliko ile ya zamani, akakuta diski alizozilipia kihalali hazichezi tena. Aliyepakua nakala ya wizi hakuona tofauti yoyote.

Na sheria iko upande wa kufuli. Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa mwaka 1996 unazitaka nchi wanachama zilinde hatua za kiufundi za wenye hakimiliki. Marekani ilifanya hivyo kwa sheria iitwayo DMCA mwaka 1998. Tangu mwaka 2010 huko kumekuwa na msamaha unaoruhusu mtu kufungua simu yake ili aweke programu anazotaka, lakini ni msamaha, na unapaswa kuombwa upya kila baada ya miaka mitatu. Hebu fikirieni kuomba kila miaka mitatu ruhusa ya kufungua kabati lako.

Julai 2023 wahandisi wa Google walipendekeza kitu kama hiki kwa wavuti nzima: kivinjari kiithibitishie tovuti kwamba kinaendeshwa kwenye mazingira yasiyochezewa. Mozilla walipinga, Brave na Vivaldi wakapinga, na Novemba mwaka huohuo pendekezo likaachwa. Tulishangilia. Wachache walikumbuka kwamba Apple walikuwa wameshaweka kitu cha jamaa hiyo kwenye vifaa vyao mwaka uliotangulia, kimyakimya, kwa jina la kutupunguzia yale mafumbo ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Na kweli yanapunguza! Hapo ndipo ugumu ulipo, shahidi huyu huja kila mara na zawadi mkononi.

Dada mmoja pale nyuma amenyoosha mkono tangu muda, naomba nimpe nafasi.

Anauliza: "Kaka, je, benki haina haki ya kujua kama simu yangu imeingiliwa? Pesa ikiibwa, si wao watakaolipa?"

Swali zuri, na sitalikwepa. Ithibati yenyewe si haramu. Mimi nina seva. Nataka ziniambie zimewaka na nini, na wakinikataza nitagombana nao. Kampuni inayompa mfanyakazi laptopu ina haki ya kuiuliza laptopu hiyo, kwa sababu ni yake. Anayeuliza na mwenye mashine wakiwa mtu mmoja, sina neno. Benki kwenye simu yako ni mgeni. Mgeni ana haki ya kuuliza, nawe uwe na haki ya kuchagua jibu, kisha kila mmoja abebe mzigo wa chaguo lake. Mwaka 2003 Seth Schoen wa EFF, shirika la kutetea haki za kidijitali, alipendekeza jambo hilohilo: mwenye mashine, akiwa amekaa mbele yake, awe na uwezo wa kuamua ithibati inayotoka iseme nini. Aliliita haki ya mwenye mashine kuamua juu ya chipu. Kinga dhidi ya virusi inabaki, maana kirusi hakina kidole. Kinachoondoka ni uwezo wa mtu wa nje kukulazimisha. Watengenezaji wa viwango walilikataa, na sababu, kwa maneno mepesi, ilikuwa kwamba likikubaliwa shahidi hatakuwa na thamani kwa wateja wake. Hayo "wateja wake" yaandikeni chini.

Wakati huohuo walikubali kutengeneza hesabu za hali ya juu za kuficha jina, ili chipu iweze kuthibitisha kwamba ni halali bila kusema ni ipi hasa. Kazi nzuri, nazipongeza akili zilizoifanya. Ila ilijibu swali la faragha na kuliacha la mamlaka. Shahidi amevaa barakoa, lakini bado anamtumikia yuleyule.

Mnauliza basi tudai nini. Kwanza ufunguo: kila mashine inayouzwa, na simu zimo, imruhusu mwenye nayo kuandikisha ufunguo wake kisha kulifunga kufuli tena. Si kulizima tu, maana kulizima ni kumwacha mtu achague kati ya uhuru na usalama wakati hapakuwa na haja ya kuchagua. Simu za Pixel zinaweza. Zinakuonyesha alama ya njano kila zikiwaka, na maisha yanaendelea. Kompyuta za Mac zenye chipu za Apple nazo zinamwachia mwenye mashine kulegeza ulinzi kwa mfumo mmoja bila kugusa mwingine, na ndiyo njia ambayo watu wa Asahi waliitumia kuleta Linux huko. Kwa hiyo mtengenezaji akikuambia haiwezekani, mwonyeshe washindani wake. Pili, kinachodai ithibati kiseme kabla ya mauzo. Tusiuziwe mbuzi kwenye gunia: kama filamu zitashuka picha na benki itagoma siku nikibadilisha mfumo, iandikwe kwenye kasha. Na huduma ambazo mtu hawezi kuishi bila kuzitumia, za serikali hasa, zisiulize ukoo wa simu hata kidogo. Hili la tatu ndilo ningelipigania kwanza kama ningelazimika kuchagua moja.

Muda umekwisha, nimeonyeshwa saa. Nilichobakiza ni kwa vitendo. Laptopu hii hapa mbele ni yangu, ya mitumba, nimeinunua kwa ajili ya leo. Nitafuta ufunguo mkuu wa kiwandani mbele yenu na kuweka wa kwangu. Msiige nyumbani kabla hamjasoma, kwa sababu kuna kadi za michoro ambazo fimwea yake imesainiwa na Microsoft, na ukiwafuta wote unaweza kubaki na skrini nyeusi isiyokuonyesha hata menyu ya kurudi ulikotoka. Hiyo ndiyo sababu sikuja na laptopu ya kazi. Naomba taa za mbele zipunguzwe, na yule kijana aliye karibu na projekta anisaidie na waya. Tukikuta imegoma kuwaka, mtakuwa mashahidi.